Arobaini kwa Arobaini

Mpira uligonga kioo cha nyuma, ukashuka haraka kuliko nilivyotarajia, na raketi yangu ikapita juu yake bila kuugusa. Hilo halikunisumbua, kwa sababu mipira ya namna hiyo hunipita kila wiki katika padeli, mchezo wa raketi ulio ndugu wa tenisi, unaochezwa wawili kwa wawili ndani ya kuta za vioo. Kilichonisumbua ni kwamba mimi na mpwa wangu tuligeuka kurudi kwenye nafasi zetu ili tucheze pointi inayofuata, na tulipoinua macho tukawaona wapinzani wetu wawili wanaelekea kwenye benchi, taulo mabegani.

Tulikuwa katika seti ya tatu, wao wakiongoza kwa gemu 5 dhidi ya 4, na ndani ya gemu yenyewe hesabu ilikuwa arobaini kwa arobaini. Mimi na mpwa wangu tulijua kwamba ile pointi imewapa faida tu, na kwamba walihitaji nyingine moja ili kutufunga. Wao walijua kwamba ilikuwa pointi ya dhahabu, ile ambayo huamua gemu papo hapo mara pande mbili zinapofikia arobaini. Kwa kuwa gemu hiyo ilibeba seti, na seti ilibeba mchezo, kila kitu kilikuwa kimekwisha kwa mpira mmoja ambao mimi sikujua kwamba ni wa mwisho.

“Faida kwenu,” niliwaambia kutoka upande wa pili wa wavu.

“Faida gani tena, kaka? Tumeshamaliza,” jirani yangu alijibu huku akicheka, kwa Kiswahili chake cha Pemba ambacho miaka 30 ya kuishi Maskati haijakipunguzia kitu.

Mwenzake, mhandisi kutoka Argentina, aliinua kidole kimoja hewani. “Punto de oro,” alisema, yaani pointi ya dhahabu, kama mtu anayemkumbusha mwenzake leo ni siku gani.

Kundi lililofuata lilikuwa limeshasimama mlangoni, na dakika 90 tulizozilipia zilikuwa zimekwisha. Hapakuwa na nafasi ya kubishana wala ya kurudia pointi. Tulipeana mikono juu ya wavu, nikalipia chai ya karaki kama ilivyo ada ya aliyefungwa, na usiku ule ule kundi letu la simu likapokea matokeo: seti ya tatu, 6-4.

Wiki sita baadaye nilikuwa bado ninaicheza pointi ile.

Aliyestahili kuupokea

Padeli imeazima hesabu yake kwa tenisi karibu nzima nzima: 15, 30, 40, kisha gemu, gemu 6 kwa tofauti ya 2 ndiyo seti, zikilingana 6 kwa 6 huchezwa taibreki, yaani gemu moja ya kuamua seti, ya kufika pointi 7, na mshindi ni atakayetangulia kuchukua seti mbili. Hayo hayana mgogoro. Mgogoro uko pale tu ambapo pande mbili zimefika arobaini, kwa sababu hapo njia zinagawanyika, na kanuni za padeli zinazitambua njia zaidi ya moja. Mwandaaji wa shindano ndiye anayepaswa kutamka mapema njia itakayotumika. Sisi hatuna mwandaaji. Tuna mtu wa kuweka kiwanja nafasi kwa simu, na mtu wa kuleta mipira.

Hoja yangu ya kwanza, niliyoishikilia kama wakili aliyelipwa vizuri, ilihusu upande wa kiwanja.

Katika gemu ya kawaida, mwanzishaji huanza kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena, hadi mwisho. Arobaini kwa arobaini maana yake pointi sita zimeshachezwa, tatu huku na tatu kule, kwa hiyo inayofuata ni ya saba na huanzishwa kulia. Pointi ya dhahabu huuvunja utaratibu huo kwa makusudi. Wanaopokea hupewa haki ya kuchagua upande ambao mpira utaletwa, na kwa kuwa hawaruhusiwi kubadilishana nafasi baada ya kuchagua, kuchagua upande ni kumchagua mtu. Panapochezwa mwanamume na mwanamke kila timu, hata uchaguzi huo huondolewa: mpokeaji lazima awe wa jinsia moja na anayeanzisha.

Mimi husimama kulia. Mpwa wangu husimama kushoto, na kushoto katika padeli, kama wote wawili mnatumia mkono wa kulia, kwa kawaida huachiwa mwenye pigo zito zaidi, kwa sababu mipira ya katikati ya kiwanja humjia upande wa mkono wake wenye nguvu. Yeye ana miaka 24. Mimi nina 51, na goti ambalo wasomaji wa hapa wameshachoka kulisikia. Mtu yeyote angetuuliza, “Nani anapokea?” jibu lingetoka kabla hajamaliza kuuliza.

Hakuna aliyetuuliza. Mhandisi alianzisha kutoka kulia kama kwamba hiyo ni pointi ya saba ya kawaida, na mpira ukanijia mimi. Kwa hiyo, nilijiambia, ama haikuwa pointi ya dhahabu, ama ilikuwa pointi ya dhahabu iliyochezwa kinyume cha kanuni zake yenyewe. Kwa vyovyote vile, sheria ilikuwa upande wangu.

Niliridhika na hoja hiyo kwa siku nne hivi.

Mara mia moja

Siku ya tano nilianza kujiuliza swali jingine, ambalo ni baya zaidi kwa mtu mwenye kinyongo: hata tungecheza kwa faida, tungeshinda?

Nilichukua karatasi. Tuseme timu moja ni bora kidogo, kiasi kwamba kila pointi ina uwezekano wa asilimia 60 kuiangukia. Kwa pointi ya dhahabu, hesabu haina kazi: ikifika arobaini kwa arobaini mara mia moja, timu hiyo itachukua gemu mara 60, na 40 zitakwenda kwa dhaifu. Kwa njia ya faida, timu inatakiwa kushinda pointi mbili mfululizo. Katika mara mia hizo, timu bora itashinda zote mbili mara 36, dhaifu itashinda zote mbili mara 16, na mara 48 zilizobaki watagawana moja moja na kurudi pale pale walipoanza. Zile 48 hazimpi mtu kitu. Ni kuzunguka tu. Ukiziweka kando, gemu zinagawanywa kwa 36 dhidi ya 16, na hiyo ni sawa na 69 katika kila mia kwa aliye bora.

Gemu tisa katika kila mia. Hiyo ndiyo bei ya pointi ya dhahabu, na anayeilipa ni mwenye uwezo mkubwa zaidi.

Nilipoiona hesabu hiyo nilifurahi, kisha furaha ikanigeukia. Nilikuwa nimelala na kinyongo kwa sababu nilidhani faida ingetuokoa, lakini faida humwokoa aliye bora, na hakuna kitu katika mchezo wa usiku ule kinachothibitisha kwamba aliye bora tulikuwa sisi. Tulikuwa nyuma kwa gemu 5 dhidi ya 4. Tulifungwa seti ya kwanza. Kama wao ndio waliokuwa na zile asilimia 60, pointi ya dhahabu ilikuwa zawadi kwetu: nafasi 40 katika mia badala ya 31. Nilikuwa ninapigania kanuni ambayo ingenimaliza kwa uhakika zaidi.

Sikumwambia mtu.

Mwaka 1969

Kuna sadfa moja ambayo imenishika tangu nianze kuyasoma mambo haya. Mwaka 1969, huko Acapulco, Meksiko, Enrique Corcuera alijenga nyumbani kwake kiwanja kidogo chenye kuta, na hapo ndipo padeli ilipozaliwa. Mwaka huo huo, katika mashindano ya tenisi ya Wimbledon, Pancho Gonzales, akiwa na miaka 41, alimfunga Charlie Pasarell katika mchezo wa gemu 112 uliochezwa kwa siku mbili. Seti ya kwanza peke yake iliisha 24-22, na Gonzales ndiye aliyeipoteza. Wakati ule seti haikuwa na mwisho mwingine isipokuwa mmoja amzidi mwenzake kwa gemu mbili.

Mwaka uliofuata, mashindano ya wazi ya Marekani yalianza kutumia taibreki, wazo la James Van Alen, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akihubiri kwamba mchezo usiojua saa ya kuisha haufai. Wapo walioona kwamba ni kuuchezea mchezo kamari. Leo hakuna anayeshangaa kuona taibreki.

Nilipoyasoma hayo niliona kwamba mabishano yetu ya Maskati ni mtoto wa mabishano yale, yameshuka tu ngazi moja, kutoka kwenye seti hadi kwenye gemu. Pointi ya dhahabu iliingizwa katika mashindano ya World Padel Tour mwaka 2020, na sababu zake hazikufichwa: michezo iwe mifupi, muda wake uweze kukadiriwa, na mtazamaji apewe nyakati nyingi za kushika roho mkononi. Televisheni hupenda kitu kinachojua kitaisha saa ngapi. Wenye viwanja vya kukodisha kwa dakika 90 nao hupenda hivyo hivyo, na kwa kweli hata mimi, ninayeamka alfajiri.

Mwaka 2026 wachezaji wa kulipwa wameingia msimu wakiwa na njia ya tatu, inayoitwa pointi ya nyota. Faida inachezwa mara ya kwanza; isipopatikana gemu, inachezwa mara ya pili; wakirudi tena arobaini kwa arobaini kwa mara ya tatu, pointi moja inaamua. Niliirudia karatasi yangu. Timu ile ile ya asilimia 60 ingechukua gemu mara 67 katika mia: karibu sawa kabisa na faida isiyo na kikomo, ila kwa kikomo kinachojulikana. Nadhani ni suluhisho zuri kuliko yote mawili yaliyotangulia. Nadhani pia kwamba kama sisi wanne tulishindwa kukumbuka kama tunacheza kwa faida au kwa dhahabu, hatuna matumaini yoyote ya kukumbuka kwamba hii ni faida ya pili au ya tatu.

Kete zinazojihesabu

Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa bao. Nilikuwa nikienda kumwita kwenye chakula cha mchana naye akiwa barazani, Unguja, kichwa kimeinamia ule ubao wa mashimo 32, na jibu lilikuwa lile lile kila siku: “Naja.” Watu walibishana sana pale. Walibishana juu ya nani amemkimbia nani, nani hajui kucheza, na nani alifundishwa na nani. Sikumbuki hata siku moja wamebishana juu ya hesabu, kwa sababu bao halihitaji karani. Kete 64 ziko mbele ya macho ya kila mtu, na hali ya mchezo ni zile kete zenyewe, mahali zilipo. Ukiondoka kwenda kuswali na kurudi, utaukuta mchezo pale pale ulipouacha.

Padeli haina ubao. Mpira ukishadunda mara mbili, pointi imekwenda na haikuacha alama yoyote kwenye nyasi bandia. Kinachobaki ni neno la mtu. Na hesabu yenyewe imetengenezwa kwa namna ya ajabu: si jumla ya ulichokusanya, kwa kuwa kila gemu inapoisha hufuta kilichokuwamo ndani yake, na kila seti hufuta gemu zake. Ndiyo maana katika fainali ya Wimbledon ya 2019 Roger Federer alishinda pointi 218, Novak Djokovic 204, na kombe likaenda kwa Djokovic. Hakuna aliyedhulumiwa. Pointi zinatofautiana uzito kulingana na mahali zilipoanguka, na kujua mahali hapo ndiko kujua hesabu.

Wapo wanaoikimbia hali hii. Viwanja vingi sasa hupanga jioni za “amerikano,” ambapo kila raundi ina idadi maalumu ya pointi, kwa mfano 24, wenzi hubadilishwa kila raundi, na kila mchezaji hujikusanyia pointi zake mwenyewe hadi mwisho. Huko kila pointi ina uzito mmoja. Ukifungwa 14 kwa 10, zile 10 ni zako na hakuna atakayezifuta. Nimecheza jioni mbili za aina hiyo na nimerudi nyumbani mtulivu mno, kama mtu aliyetoka benki.

Sikutaka utulivu ule. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kukubali kwamba ninaipenda hesabu inayofuta.

Pilau ya Ijumaa

Ijumaa moja tulikuwa kwa dada yangu, na baada ya pilau nilikuwa ninawasimulia shemeji na wageni wake, kwa mara ya tatu au ya nne, jinsi tulivyonyimwa haki ya kuchagua upande. Mpwa wangu alisubiri hadi wageni walipotoka kwenda kunawa.

“Mjomba,” alisema, “lakini na sisi si tulifanya vile vile?”

Nilimwuliza lini.

“Seti ya pili. Ilikuwa tatu-tatu na ulikuwa ukianzisha wewe. Ikawa arobaini kwa arobaini, mpira ukarudi juu, nikaupiga ukatoka nje juu ya uzio wa pembeni. Wewe ukasema ‘nne-tatu’, ukaenda kunywa maji.”

Niliukumbuka ule mpira. Ulidunda upande wao, ukapaa, ukavuka uzio na kuangukia kwenye maegesho ya magari, na sisi tukagonganisha raketi. Baada ya gemu ya saba timu hubadilishana upande wa kiwanja, ndiyo maana nilikunywa maji. Kama hesabu ilikuwa arobaini kwa arobaini kweli, basi tuliichukua gemu kwa pointi moja, wala hatukuwauliza wapokeaji wetu wanataka upande gani. Bila gemu ile, seti ya pili huenda ingekuwa yao, na seti ya tatu isingekuwapo ya kulalamikiwa.

“Mbona hukusema pale pale?”

“Ningesema nini, mjomba, mbele ya watu?”

Alikuwa na adabu kunizidi mimi. Kwa wiki zote hizo alikuwa amenisikiliza nikijenga kesi, akijua kwamba kielelezo cha upande wa pili anacho yeye.

Kumbukumbu nne

Usiku ule nilimtumia jirani yangu ujumbe wa sauti. Nilimweleza kila kitu: hasira yangu, hoja ya upande, kisha gemu ya saba ya seti ya pili, na nikamwomba radhi. Nilijiona mtu mwema sana nilipokuwa nikirekodi.

Jibu lake lilikuja asubuhi, la dakika tatu, na nyuma yake redio ya gari ikisikika.

Alisema radhi yangu haina mahali pa kukaa. Gemu ile anaikumbuka vizuri, na haikuwa arobaini kwa arobaini. Ilikuwa arobaini kwa thelathini, kwa hiyo tuliichukua kwa halali na mpwa wangu amekosea. Kuhusu gemu ya mwisho, hata hivyo, sikuwa na haki ya kukasirika kwa sababu tulikubaliana kucheza kwa pointi ya dhahabu tangu siku ya kwanza tulipokutana. “Tulisema wote pale kwenye benchi,” alisema. “Wewe ulikuwa unafunga viatu.”

Sikumbuki maneno hayo. Ninakumbuka kufunga viatu.

Kwa hiyo mtu niliyemshuku alinitetea katika kosa nililolikiri, na akanipinga katika lile nililomshtakia. Mpwa wangu ana kumbukumbu ya pili, mimi nina ya tatu. Nilipomwuliza mhandisi, alisema hakumbuki gemu yoyote kati ya hizo mbili. Anachokumbuka ni jinsi mpira wake ulivyoshuka kwenye kioo, na akanionyesha tena kwa mkono, polepole, akifurahia.

Wamarekani wanaocheza tenisi bila mwamuzi wana utaratibu wa mkwamo wa namna hii. Kwanza mnahesabu pointi zote mnazokubaliana, na zile zinazobishaniwa tu ndizo zinazorudiwa. Ikishindikana, mnaendelea kutoka kwenye hesabu yoyote ambayo pande mbili zinaweza kuikubali. Ikishindikana hiyo pia, mnarusha sarafu. Nimeusoma utaratibu huo mara nyingi na kila mara hunigusa kwamba hatua ya kwanza haiulizi ukweli ni upi. Inauliza tu mnachokikubali ni kipi. Utaratibu huo huo unamtaka mwanzishaji atamke hesabu kwa sauti kabla ya kila pointi, ili asiyekubali aseme pale pale, mpira ukiwa bado mkononi.

Sisi tulikuwa tukitamka tulipokumbuka. Mara nyingi tulitazamana tu na kuinua vidole.

Upande gani

Tulirudi kiwanjani Jumatatu, baada ya Isha, joto likiwa limepungua kidogo na vioo vikitoka jasho kama sisi. Kabla ya kurusha raketi kuamua nani aanze, jirani yangu alisimama katikati ya wavu akatangaza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza kwa ajili ya mhandisi, kwamba leo ni pointi ya dhahabu, na kwamba anayefunga viatu afunge haraka.

Kila mwanzishaji alitamka hesabu. Mwanzoni tuliona haya, watu wazima wanne wakipiga kelele za namba usiku. Kufikia gemu ya tatu tulikuwa tumezoea.

Gemu ya sita, wao wakiongoza 3-2, ilifika arobaini kwa arobaini. Jirani yangu ndiye aliyekuwa akianzisha. Hakuurusha mpira chini. Aliushika, akatutazama.

“Upande gani?”

Mpwa wangu hakusema neno. Alikuwa ameshajua jibu, kama nilivyolijua mimi kwa wiki sita, lakini alinigeukia na kusubiri, kwa sababu mjomba yupo.

“Kushoto,” nilisema.

Mpira ulikwenda chini, karibu na kona ya kioo. Aliuwahi vizuri, akaupiga kwa nguvu zake zote, nao ukagonga utepe mweupe wa juu ya wavu, ukaangukia upande wetu.

“Samahani, mjomba.”

“Nne-mbili,” jirani yangu alitamka.

“Nne-mbili,” tuliitikia sote watatu, nami nikaenda nyuma ya mstari kuanzisha.